Niliificha Sentensi Moja ya Injinia, Sasa Nimeitwa Niape

Msomaji huyu anaishi Garissa. Jina lake na la mtaa wake tumeyaficha kama alivyoomba. Msomeni mpaka mwisho kabla hamjamhukumu.

Assalamu aleikum. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina watoto watatu, na mume wangu ni dereva wa lori. Nilisoma hadi kidato cha nne. Mtaani kwetu wanawake waliofika hapo ni wachache, kwa hiyo barua ikija, au fomu ya hospitali, huletwa kwangu. Sisemi haya kwa kujisifu. Ndiyo yaliyoniponza.

Barabara kubwa ya mjini ilipotaka kupanuliwa, chifu aliita baraza kwenye uwanja wa shule. Injinia alitoka Nairobi, akawa anasema Kiswahili, na wazee wetu wengi wanakisikia nusu nusu, nikaombwa nimtafsirie kwa Kisomali. Watu walianza kunung'unika mapema. Mzee mmoja alisema barabara inayomeza fedha zote hizo, na mabomba yetu hayana maji, ni ya wapita njia, si yetu. Vijana wakamjibu kwamba bila lami mji utabaki nyuma siku zote. Walibishana mpaka chifu akasimama. Wazee walipotulia, chifu angali pembeni akiwatuliza vijana, injinia akasema, "Barabara itainuliwa sana, na maji ya mvua yatashukia upande wa chini. Wanaokaa karibu na laga wahame kabla ya mvua." Laga ni ule mkondo mkavu ulio nyuma ya nyumba zetu, ambao mvua ikinyesha huwa mto.

Nilisimama pale na maneno yale mdomoni. Nilijua nikiyatoa baraza litavunjika na barabara itakataliwa, na mimi niliitaka barabara ile kuliko mtu yeyote uwanjani. Miaka minne kabla ya hapo nilishikwa na uchungu wa kujifungua, gari likakwama kwenye matope ya barabara ya zamani. Wanaume walisukuma mpaka wakachoka. Binti yangu alizaliwa kwenye kiti cha nyuma, akalia kidogo, akanyamaza. Paa la hospitali tulikuwa tunaliona. Basi nikawaambia watu, "Anasema maji yatapelekwa kwenye laga, msiwe na wasiwasi." Injinia akaitikia kwa kichwa akidhani nimefikisha yote. Wazee wakaomba dua, na mimi nikatia sahihi kwenye karatasi ya mkutano kama mkalimani.

Barabara ikajengwa, na sitawadanganya, ni nzuri, hospitali siku hizi ni dakika chache kwa boda. Lakini sisi wa chini tunaishi kama watu waliotumbukia shimoni. Nikisimama mlangoni naona magurudumu ya malori yakipita usawa wa paa langu. Mbele yetu kuna mtaro mrefu usio na daraja. Kina mama waliokuwa wakiuza maziwa na mboga kando ya njia wamepoteza wateja, na watoto wanazunguka mbali sana kufika shule ileile waliyokuwa wakiiona kutoka nyumbani.

Kisha mvua ikaja. Maji yalitoka kwenye kalvati, lile bomba kubwa linalopita chini ya barabara, kwa nguvu yakaingia kwa jirani yangu, Eddo Shamsa. Eddo kwetu ni shangazi. Si wa damu yangu, lakini siku ile nilipompoteza binti yangu, yeye ndiye aliyemwosha, kwa sababu mimi sikuweza hata kusimama. Ukuta ulimwangukia ukamvunja nyonga, na mbuzi wake wote wakasombwa. Nilimleta kwangu, analala chumba cha watoto. Kila asubuhi ananishika kiganja ananiombea Mungu anipe binti mwingine. Mimi naenda jikoni kulia.

Majirani walipeleka malalamiko wakidai fidia. Ofisi ya mradi ikajibu kwamba wakazi walionywa mapema barazani. Watu walikasirika sana, wakasema ni uongo wa mchana. Wiki iliyopita wakaja nyumbani, wakaketi mkekani mbele ya Eddo, wakaniambia shauri litasikilizwa Jumatatu, nitawekewa Msahafu, na niape kwamba injinia hakusema hivyo kamwe. "Wewe ndiwe ushahidi wetu," mwenyekiti wao akaniambia. Nikawamiminia chai.

Nikiapa, nimeapa uongo kwa kitabu cha Mungu. Nikisema kweli, watu hawa watakosa fidia, Eddo hatajengewa tena, na wote watajua ni mimi. Nimemwambia mume wangu peke yake, kwa simu. Akasema, "Apa, utatubu baadaye. Ukisema kweli hatuna pa kukaa tena." Nikamuuliza kama yeye angeweza kuapa. Akasema mtandao unasumbua, akakata. Nilifikiria kukimbilia kwa dada yangu Wajir mpaka Jumatatu ipite, lakini nani atamgeuza Eddo kitandani?

Jana nikajikaza nimwambie. Nilimaliza kumlisha, nikaanza, "Eddo, siku ile ya baraza..." Hakuningoja. Alisema majirani watambeba kwenye kiti wampeleke, maana naye anataka kusema yake mbele ya wakubwa.

"Kiswahili changu hakifiki," akaniambia. "Wewe ndiwe utakayenisemea. Usipunguze hata neno langu moja."

Nilimjibu sawa.

Zimebaki siku nne. Ndugu zangu mnaosoma, wenye dini na wenye busara, Jumatatu nikisimama mbele ya Msahafu na Eddo ameketi kando yangu, niseme nini? Nishaurini, wallahi mimi nimefika mwisho.