Pombe Isiyoitwa Yangu

Harufu ya kimea cha ulezi haifanani na harufu ya kitu kingine, na nimejaribu mara nyingi kuwaelezea wenzangu wa mjini bila mafanikio. Ni uchachu na utamu pamoja, kama mkate uliosahauliwa chini ya blanketi lenye unyevu. Asubuhi za kipupwe, upepo wa Ufipa ukipita nyasini kana kwamba umetumwa, harufu hiyo ndiyo iliyotuamsha, kabla ya jogoo na kabla ya jua. Bibi yangu, mama mzaa mama, aliloweka ulezi, akaufunika kwa majani mpaka ukaota, akauanika juani, kisha akausaga kwenye jiwe. Mimi nilipewa kazi ya kufukuza kuku. Niliifanya vibaya. Tangu hapo nimeishi kwa kazi za kukaa na kutazama, ndiyo maana nikaishia chuo kikuu.

Nyumba ya pombe ilikuwa ukingoni mwa mlima, pale njia ya kutoka Muze, kule bondeni, inapomaliza kupanda. Wachukuzi wa samaki wakavu wa Ziwa Rukwa walifika hapo pumzi zimewakatika, mizigo ikinuka, miguu imejaa vumbi jekundu. Mama yake Bibi ndiye aliyegundua zamani kwamba mtu aliyemaliza mlima ule na mzigo kichwani hataki nasaha, anataka kata ya pombe. Alianza na chungu kimoja. Alipozeeka akamwachia Bibi nyumba na vyungu, na kila mtu alijua kwamba siku moja vitakuwa vya mama yangu, ambaye tayari alikuwa akisimamia mapishi yote ya chungu cha pili. Hakuna aliyetangaza wala kushuhudia urithi huo. Mapadre walinung'unika kidogo, lakini wao walikuwa na divai yao na sisi tulikuwa na ulezi wetu, na Jumapili tulionana kanisani bila kinyongo.

Kulikuwa na adabu moja ambayo lazima nieleze, kwa sababu ndiyo iliyotuponza. Kwetu mpishi aliweza kusema chungu changu, kata yangu, hata jiwe langu. Pombe ikishaiva, hakusema pombe yangu. Anayesema hivyo anawahesabia watu mafunda. Au, vibaya zaidi, anajua kilichotiwa ndani kuliko wanavyojua wanywaji. Bibi alionja kwanza mbele ya wote, akapangusa mdomo, akasema, "Pombe yenu hiyo." Baada ya hapo kelele zikaanza.

"Mama, mlima wenu huu unarefuka kila mwaka!" mchukuzi mmoja alimlalamikia.

"Mlima uko palepale. Miguu yako ndiyo inayofupika," Bibi alimjibu, akamjazia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema Waswahili. Siku hizo za Mwingereza, nikiwa darasa la pili, wageni wetu walikuja na agizo. Baraza lilitaka kila nyumba ya pombe iwe na mwenyewe anayejulikana, apewe kibali. Isiyo na mwenyewe ifungwe. Alikuja karani, kijana aliyetoka mbali ambaye Kifipa hakukijua hata salamu, akiongozana na tarishi wa baraza, mwenyeji wa palepale. Alikuwapo pia Babu Laurenti, mdogo wake marehemu babu yangu, aliyerudi kutoka migodi ya shaba kusini akiwa na kofia na viatu vinavyolia. Msimu uliotangulia alikuwa ameezeka upya paa la nyumba ile. Huo ndio mchango wake wote katika historia ninayoisimulia.

"Mama, pombe hii ni ya nani?" karani aliuliza.

"Ni yenu, baba zangu. Karibuni mketi."

"Sijauliza nani anakunywa. Nauliza ni ya nani."

"Nimesema ni yenu. Mbona mnasimama?"

Wachukuzi wakacheka. "Andika ni yetu sisi, karani!" mmoja alipiga kelele. "Sisi ndio tunaoibeba mpaka kichakani!"

Karani hakucheka. Mama yangu alimsogelea Bibi, akamnong'oneza, "Mama, sema." Bibi alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyetemea chunguni. Akachota, akaonja, akamnyooshea karani kata kwa mikono miwili. Hapo Babu Laurenti akakohoa, viatu vikalia. "Andika Laurenti," alisema. "Nyumba iko kwenye ardhi ya ukoo wangu, na paa nimeezeka mimi." Tarishi, aliyekuwa akinywa kwa Bibi tangu ujana wake na aliyejua kila kitu, aliangalia vidole vya miguu yake. Karani akaandika.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga. Nilingoja mshindo, haukuja. Kilichokuja ni sauti ya mama yangu jikoni.

"Neno moja tu, mama! 'Yangu.' Hata mtoto mchanga analijua!"

"Ningelisema, nani angekunywa?"

"Na sasa sisi tutakula nini?"

Bibi akaanza kufunga vyungu kwa kamba. Walijitwika vyungu, yeye na mama, tukahamia karibu na misheni. Huko alipika pombe pale tu majirani walipokuja kutusaidia kulima matuta. Mama alianza kulima mashamba ya watu ili mimi niendelee na shule. Babu Laurenti alioa mke mdogo wa kumpikia, na pombe yake, kwa ushahidi wa tarishi, ilifanana na maji ya kusuuzia chungu. Tulijifariji kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Lakini wachukuzi waliendelea kunywa. Mlima haukuwa umefupika. Bibi alikufa kabla bendera haijabadilishwa, na ingawa ukingoni palikuwa mwendo wa asubuhi tu, hakurudi hata kupatazama.

Mwaka jana nilikwenda mimi. Nilijidanganya kwamba ni utafiti, neno tunalolitumia wasomi tunapoogopa kusema tunakwenda kudai. Mama, ambaye sasa haoni vizuri lakini hasahau, aliniagiza, "Uwaambie ilikuwa ya nani." Nilikuta nyumba ya matofali yenye bati, makreti ya bia ya chupa, na ubao wenye jina la Laurenti na wanawe. Mjukuu wake, mtu mpole mno, aliniita shangazi kwa heshima ya mvi zangu, akanipa kiti kizuri na historia kamili: jinsi Babu alivyorudi kutoka migodini, akawaona wachukuzi wenye kiu, akawahurumia, akajenga. Aliisimulia vizuri. Nimesahihisha insha nyingi za wanafunzi zisizofikia mpangilio ule.

"Ilikuwa ya bibi yangu," nilimwambia.

Uso wake ukachangamka. "Aa, wale mama waliokuwa wakipika! Ndiyo, shangazi, nimesikia. Babu aliwasaidia wengi."

Nyuma ya nyumba mkewe alikuwa akikoroga pipa la pombe ya ulezi, moshi ukimwingia machoni. Nilimsalimu, nikamuuliza pombe ile ni ya nani. Alishangaa kidogo, kana kwamba nimemuuliza jua ni la nani.

"Ya mwenye nyumba," alisema. "Mimi napika tu."

Nilitafuta la kumwambia. Nina shahada mbili za historia, na katika zote mbili halikuwamo. Bibi aliwapa watu pombe akijua fika kwamba yeye ndiye anayetoa. Huyu hakuwa na kitu cha kumkaribishia mtu, na mwiko ulikuwa mkononi mwake.

Jioni mama aliniuliza kama nimesema. Nikamjibu kwamba nimesema.

"Wakasikia?"

Nikamwambia wanywaji walikuwa wengi, kulikuwa na kelele.