Nusu Lita Haikuwa Nusu Kilo

Enzi zetu mafuta ya kupika yalinunuliwa kwa kupimiwa, na mtoto aliyetumwa alirudi nyumbani akilamba kidole. Nikiwaambia wanangu hivyo wananicheka. Wao wanajua chupa yenye kifuniko, na ikiisha wanabonyeza simu, pikipiki inaleta nyingine mpaka mlangoni hapa Kitengela.

Hapa hapa Kitengela ndipo mama alipoanzia kuuza mafuta ya mgando. Asubuhi za baridi yalikuwa magumu kama sabuni. Aliyachota kwa mwiko, akayaweka kwenye mizani, nasi tukapigania kukwangua kopo. Kisha baba akapata kazi kwenye kiwanda cha magadi, tukahamia mji wa Magadi. Mliokulia kule mnalijua lile joto: mlango wa bati haushikiki, maji ya mfereji yanatoka yakiwa moto, na harufu ya magadi inakukaa kooni. Mafuta nayo yakayeyuka. Mama akaisukuma mizani chini ya kitanda, akanunua kikombe cha nusu lita, na kila aliyetaka nusu kilo akajaziwa kikombe hicho. Hakuna aliyeona tofauti, hata yeye mwenyewe.

Jirani yetu alikuwa Mama Halima, mke wa Msomali mfanyabiashara wa mbuzi aliyetoka kaskazini. Mama alipojifungua mdogo wangu, ni yeye aliyemkanda na kumpikia uji. Sisi tulikula anjera kwake, ile mikate yao laini, Halima akala githeri ya mahindi na maharagwe kwetu, na aliyekosa alichapwa na mama yeyote aliyekuwa karibu.

Idd moja Mama Halima alikwenda Kajiado kwa ndugu yake mwenye duka, akabeba mafuta ya kwetu. Baridi ya huko ikayagandisha. Ndugu yake akayaweka kwenye mizani, yakapungua, akamcheka mbele ya wageni kwamba anaibiwa na rafiki yake.

Aliporudi alisimama mlangoni, akakataa kiti.

“Mama Wairimu, mimi nilikuwa naona wewe ni dada yangu. Kumbe siku hizi zote ulikuwa unanipunguzia.”

“Nilikupimia nusu. Hata tone sijakuibia.”

“Sasa mizani ya ndugu yangu ndio inadanganya?”

Mama aliumia sana, na aliyeumia kwa haki yake hujiona hana la kuchunguza. Wiki zikapita wakipishana kwenye mfereji bila salamu. Halima na mimi tulicheza kwa kujificha nyuma ya vyoo, tukiogopa kuonekana.

Siku moja mama alichoka kulia. Akaivuta mizani, akaipangusa vumbi, akakisawazisha kikombe kitupu, akaweka jiwe la nusu kilo upande wa pili, kisha akakijaza. Alitaka tu kujithibitishia. Upande wa jiwe ukabaki chini. Akaongeza kijiko cha mafuta kwenye sahani ya mizani, akaongeza kingine, na kingine tena, ndipo mizani ikalingana. Mafuta ni mepesi. Sote tulikuwa tumeyaona yakielea juu ya mchuzi maisha yetu yote, na hatukuwahi kufikiri.

Akamimina yaliyopungua kwenye bakuli, akalifunika kwa sahani, akaenda kwa Mama Halima karibu anakimbia. Nilimfuata. Mlango ulikuwa na kufuli. Ukame ulikuwa umemaliza biashara ya mbuzi, na jirani wa pili akatuambia kwamba lori liliondoka alfajiri kurudi kaskazini. Kijiji gani, hakujua.

Wanangu hugombana na marafiki zao kwa simu asubuhi, na jioni wamepatana, wanatumiana vikatuni vya kucheka. Nawadhihaki kwamba hata ugomvi wao hauna nguvu. Lakini moyoni nawaonea wivu. Tunasifu enzi zetu kwamba jirani alikuwa ndugu, na ni kweli, ila ndugu huyo akishapanda lori ulikuwa umempoteza.

Tuliporudi Kitengela, mama aliingia kila duka la Wasomali akamuulizia Mama Halima aliyewahi kuishi Magadi. Walimwambia kwa upole kwamba akina Mama Halima ni wengi. Aliendelea kuuliza mpaka miguu ikamkataa, na wiki aliyofariki alinituma mimi nikaulize.

Nilimdanganya kwamba nimempata, na kwamba amesema yameisha.