Unyoya wa Jogoo Kwenye Ndoana

Miaka ile ya uhaba, duka la kijijini kwetu, upande wa Guta kando ya Ziwa Victoria, lilibaki na rafu tupu. Nyavu hazikupatikana. Mume wangu alikwenda Musoma kutafuta kazi akakawia, nikabaki na watoto na mama mkwe, tukila ugali kwa mlenda kila siku.

Mume wangu alikuwa ameacha ndoana moja na mshipi. Chambo sikuwa nacho. Mvua nayo ilikuwa imegoma, na kwa ukame ule hata minyoo haikuonekana. Nikakumbuka marehemu baba alivyokuwa akiivisha ndoana unyoya ili samaki adhani ni dagaa. Nikamkamata jogoo mweupe, nikachomoa unyoya wa shingoni. Nikasokota uzi wa pamba ya shambani, nikaupaka nta, nikaulaza unyoya juu ya chuma na kuuzungushia uzi hadi ukakazika.

Asubuhi nilisimama juu ya mawe ya mwalo, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, nikatupa, nikavuta taratibu kwa kushtuashtua. Mwenyekiti wa wavuvi akaja kuniambia nitoke, kwamba nitawafukuza samaki.

"Walishakimbia kabla sijaja," nikamjibu.

"Mwanamke havuagi."

"Basi leo anavua."

Akasema atanipeleka kwa wazee. Nikatupa tena. Sangara akaidaka, mshipi ukanikata vidole, nikaburutwa hadi maji yakafika mapajani. Nikajizungushia kanga mkononi nikavuta. Mwenyekiti alisimama akitazama. Hakunisaidia, wala sikumwomba.

Jioni wazee walimwita mama mkwe ili anikanye. Niliogopa, maana alikuwa mkali na hakuwahi kunisifia hata ugali. Aliwasikiliza wote mpaka wakamaliza, ndipo akasimama.

"Leo wajukuu zangu wamekula samaki," akasema. "Anayetaka huyu aache kuvua, kesho alete mboga nyumbani kwangu."

Hakuna aliyeleta. Wiki hiyohiyo jirani yangu akaja na kuku wake kwapani, akitaka nimfundishe kufunga unyoya kwenye ndoana. Wakafuata wengine.

Baadaye serikali ilipofungulia biashara huria, malori ya barafu yakaanza kufuata sangara mpaka kwetu. Wanaume wakatuambia sasa ile ni kazi ya watu wenye mitaji, tuwapishe. Tulikuwa wanawake mstari mzima juu ya mawe, kila mmoja na mshipi wake. Hatukupisha.