Shikamoo Kwenye Sindano ya Ganzi

Jicho langu la kushoto halijawahi kuona vizuri. La kulia, ndilo ninaloandikia, lilipata mtoto wa jicho, na mwaka huu ukungu wake ulifika hadi kwenye kurasa. Nilipopanda kitanda cha upasuaji nilijua kila kitabu ambacho sijakiandika kimelala pale pamoja nami.

Nilitoka Bunju peke yangu. Chumba changu kiko nyuma ya nyumba ambayo wenyewe hawajahamia. Wiki huweza kupita sijamwamkia mtu.

Daktari, kijana wa rika langu, alinieleza kwamba ganzi itachomwa pembeni ya jicho, nami nitakuwa macho muda wote. “Usitikisike. Hata kikohozi, sema kwanza.”

Sindano ikaingia. Mara mlango ukafunguka na nesi mtu mzima akauliza, kwa lafudhi ya bara kama ya marehemu mama yangu, “Mwanangu, unaendeleaje?”

“Shikamoo, mama,” nikasema, na kichwa kikainuka kuifuata sauti.

“Tulia!” Daktari akachomoa sindano. Kope zilivimba palepale kama andazi kwenye mafuta. Damu ilikuwa inavuja nyuma ya jicho. Akalikandamiza kwa kiganja, akapima presha ya jicho, akakandamiza tena. Alipopata pumzi akaniambia, “Dada, wewe hata kaburini utaamkia.”

“Usimseme,” nesi akamkata. “Huyu kalelewa.”

Damu ilikata, ila upasuaji uliahirishwa. Kama mshipa wa kuonea umeumia, daktari alisema, tutajua uvimbe ukiisha.

Nikarudi chumbani kwangu, nikalalia mito miwili. Kila asubuhi nilitenganisha kope kwa vidole, nikatafuta dirisha. Lilikuwepo, jeupe, halina umbo. Hakuna aliyeniuliza nimeamkaje. Mafundi wa kiwanja cha pili walisalimiana kwa kelele, nami nikawaitikia kimoyomoyo, kichwa kikiwa kimetulia kwenye mto.

Uvimbe ulipoisha niliitwa tena. Kabla ya sindano, nesi yuleyule alinishika kichwa kwa mikono miwili.

“Marahaba, mwanangu. Nimeshaitikia. Usiseme neno.”

Sindano ikaingia. Ganzi ikaenea, baridi, na mikono yake ikabaki palepale hadi kazi ikaisha.

Kesho yake alinibandua bandeji. Nikauona uso: mdogo kuliko sauti yake, wenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Niliuona hadi ule uzi.

Nikainuka, kichwa na mwili wote, nikamwamkia.