Makala Chini ya Sombe

Kule Kamina, mke wa mfanyakazi wa reli alitambulika kwa nywele zake, maana hazikunuka moshi. Nyumba za kambi ya reli zilikuwa na umeme, na kila chumba cha kupikia kilikuwa na resho, jiko la umeme la sahani mbili. Mama yangu, aliyezaliwa katika nyumba ya udongo kijijini upande wa ziwa, aliipenda resho ile kuliko kabati, kuliko kitanda, na nadhani kuna siku aliipenda kuliko baba. Aliipangusa kila jioni hata kama hatukuwa tumepika kitu. Sisi watoto tulijifunza mapema kuziba pua tukiwapita wauza makala, makaa ya kupikia, sokoni. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno, tulimtazama tu mama alivyokunja uso.

Halafu treni zikaanza kuchelewa, na baadaye hazikuchelewa tena kwa sababu hazikuja. Mshahara ukafuata njia hiyohiyo. Baba alikuwa karani wa mizigo, na aliendelea kuvaa shati jeupe na kwenda stesheni ambako hakukuwa na mzigo wowote wa kuandika. Nchi ilibadilishwa jina, bendera ikabadilishwa, shati la baba likabaki lilelile. Vita vya pili nchini mwetu vilipoanza, umeme kidogo uliosalia ulipelekwa kwa askari kule base, kambi ya jeshi, na balbu zetu zikawa mapambo ya dari.

Kabla ya hapo msitu ulianzia nyuma ya nyumba za mwisho za kambi. Mvua za kwanza zikinyesha tulienda kuokota uyoga, na msimu wa viwavi ulipofika hata wake za makarani walienda, kwa sababu kiwavi aliyekaangwa vizuri hana cheo. Kwa miaka michache tu msitu ule uliondoka mbele ya macho yetu. Walimu walikata, wauguzi walikata, wake za askari walikata, na wakimbizi wa vita walipofika kutoka kaskazini nao walikata, ndipo watu wakapata wa kulaumu. Viwavi hawakuonekana tena, na nyama nyingine haikuwepo. Watoto wa mtaa wetu walianza kuvimba miguu na kubadilika rangi ya nywele, na kanisani tuliwaombea kana kwamba jambo lile lilishuka kutoka mawinguni.

Siku moja baba alinipeleka nyuma ya stesheni, kwenye njia ya pembeni ambako mabehewa yalikuwa yakipangwa zamani. Mvua ilikuwa imeshusha mchanga kutoka kwenye mteremko uliokuwa msitu, na reli zilikuwa zimefukiwa.

"Unaona?" akasema. "Train haikuye, mushahara haiko. Mushahara haiko, bantu banakata miti. Miti haiko, muchanga inafunika njia. Sasa train itapita wapi?"

Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. Kisha akavua viatu, akavishika mkononi visiharibike, akaanza kusukuma mchanga kwa mguu. Alipomwona mtu anakuja kwa mbali, alivaa viatu haraka na kusimama wima, karani kamili. Niliona aibu kwa niaba yake, nikageuka kutazama upande mwingine ili asijue nimeona.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na chumba cha nje ambacho zamani kilikuwa cha mtumishi wa mzungu. Kanisa lilituomba tumweke humo mama mmoja mkimbizi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kicheko cha chinichini, na hakutaka kukaa bure. Alikwenda mbali hadi mahali msitu ulipokuwa umefika, akanunua makala kwa wachomaji, akarudi nayo kichwani ili ayauze. Jioni aliwasha mbabula yake, jiko la bati la makala, katikati ya ua, akapika akiimba. Mama alimtazama kutoka mlango wa nyuma wa jiko letu ambamo resho ilikuwa safi na baridi. Tulikuwa tumekula mihogo mibichi siku kadhaa.

Mwishowe mama alitoka, akamwambia kwa sauti ndogo: "Uniletee na miye. Lakini bantu basione. Utie sombe ku yulu."

Yule mama hakucheka. Kesho yake alikuja na beseni kichwani, sombe, yaani majani ya muhogo, imefurika pembeni, na makala yamelala chini yake kama mwizi. Haukupita muda nikamwona akiingia na beseni lilelile nyumba ya jirani, na nyumba ya mbele, na nyumba zote za mtaa wetu hadi mwisho. Mtu mgeni angedhani wake za reli wamegeuka mbuzi, kwa jinsi walivyonunua sombe. Lakini sisi tuliamini kabisa kwamba kwa wengine ilikuwa sombe kweli. Jirani yetu, aliyekuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa, alikuwa amewatangazia wote kwamba mumewe alimletea jiko la mafuta kutoka Lubumbashi. Mama alilitaja jiko lile mara nyingi, kwa uchungu, ingawa hakuwahi kuliona.

Tukawa tunapika ndani, mlango na dirisha vimefungwa, kitambaa kimesokomezwa chini ya mlango ili harufu isitoke barabarani. Nisije nikaeleweka vibaya: mama hakuwa mjinga. Kila Alhamisi alifundisha darasa la usafi kwa akina mama, na alichora ubaoni nyumba yenye madirisha makubwa, na mishale ya hewa ikiingia na kutoka. Kila mtu Kamina, mwenye kusoma na asiyesoma, anajua kwamba mbabula huwashwa nje, na kwamba ndani ya chumba kilichofungwa huua. Mama alijua hivyo kama alivyojua jina lake. Baba alipomkumbusha, alijibu: "Sisi hatulale nayo. Tunapika tu, tunazima. Weye unataka baseme mama wa reli anapika mu makala kama mukimbizi?"

Baba akaivuta kola ya shati lake ikae sawa. Nafikiri naye hakutaka waseme hivyo.

Jumamosi moja ya mvua, mama aliweka maharagwe motoni. Maharagwe ya Kamina hayana haraka, na makala yetu siku hiyo yalikuwa na unyevu. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye ndiyo kwanza alianza kusema maneno mafupi, alikuwa na mafua, kwa hiyo mama alimlaza kwenye mkeka jikoni, karibu na joto. Baba alikuwa stesheni. Mimi kazi yangu ilikuwa barazani: kukaa na kitabu, kuangalia njia, na mtu akija, kumzuia kwa adabu. Mama alikuwa ameniambia asubuhi: "Bamama ba kanisa banaweza kuya leo. Bakikuya, useme kichwa inaniuma, niko nalala. Basiingie."

Wakaja. Walikuwa wamevaa sare zao, wamefunika vichwa kwa mifuko ya nailoni, na jirani yetu aliwatangulia. Niliwakaribisha viti vya baraza, nikasema kama nilivyofundishwa. Nilitegemea wangeniachia salamu na kwenda zao. Lakini mvua ilikuwa kubwa, na mgonjwa ni mgonjwa.

"Basi tutamuombea hapa," jirani akasema. "Asisumbuke kuamuka."

Wakaimba. Walikuwa na sauti nzuri, na wimbo mmoja ulizaa mwingine. Ndani mama alikuwa kimya. Nilijua kwamba hawezi kufungua dirisha la jiko, kwa sababu lilitazama upande wa baraza, wala mlango wa nyuma, kwa sababu ungelia na wangeusikia. Nilijua anangoja waondoke. Nilikuwa na umri wa kubeba ndoo ya maji kichwani bila kumwaga, lakini sikuwa na umri wa kuwaambia wakubwa waache kumwomba Mungu.

Kisha harufu ikaja. Kwanza ya makala, baadaye ya maharagwe yanayoungua chini ya sufuria. Niliona aibu, nikafungua kitabu nikajifanya nasoma. Mmoja wa wale akina mama, aliyekaa karibu na dirisha, aliacha kuimba.

"Kuko kitu inaungua," akasema.

Wenzake walitazamana, na mimi niliyaona macho yao. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyeinuka. Jirani yetu alitazama chini, akavuta pumzi, akaanzisha wimbo mwingine kwa sauti kubwa zaidi, na wote wakamfuata. Nilishukuru. Nilisema moyoni kwamba hawakutambua, kwamba jina la mama limepona. Waliimba hadi mvua ilipopungua, wakaniachia salamu nyingi za mgonjwa, wakaenda zao wakiruka madimbwi.

Niliposukuma mlango wa jiko, kitambaa kiliuzuia kwanza, kisha kikakubali. Mama alikuwa chini, mgongo ukutani, kichwa kimelala begani. Sufuria ilikuwa imekauka. Mdogo wangu alilala kwenye mkeka vilevile alivyolazwa, mashavu yake yana rangi nzuri kuliko siku zote, na kwa sababu ya rangi ile nilimchukulia kuwa mzima, nikaanza na mama. Nilipiga kelele. Mkimbizi wa chumba cha nje alikuja mbio, akavunja dirisha kwa fimbo, akamvuta mama uani kwa makwapa. Tulimmwagia maji. Mama alitapika, akafumbua macho, akanitafuta kwa shida.

"Balishaenda?" akauliza.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza. Yule mkimbizi alikuwa amesharudi ndani na kumleta mtoto. Alimlaza kwenye majani mabichi, akampulizia mdomoni, akamsugua kifua, akamwita kwa Kiluba. Aliendelea muda mrefu sana. Baba alifika na shati lake limelowa, akasimama pale, hakujua aweke wapi mikono.

Waliokuja kuuliza mtoto amekufa kwa nini, baba aliwaambia ni homa. Wote waliitikia kwamba siku hizi kuna homa mbaya. Hata mwuguzi wa zahanati, aliyemfunua mtoto macho na kuinusa nguo yake, alimtazama baba kwa muda, kisha akaitikia pia. Nilikaa nyuma ya mama kwenye mkeka wa kilio, nikisikia neno homa likitoka mdomo huu kwenda mdomo ule, na niliona aibu ambayo sikuwa nimeijua kabla, aibu isiyohusu makala hata kidogo. Mimi peke yangu, nilidhani, ndiye niliyejua kwamba tumemwua kwa ajili ya majirani.

Kwetu msiba hulisha watu. Waliotoka mbali lazima wale, na chakula hakiwezi kupikwa chumbani. Asubuhi ya maziko, wakati baba alipokuwa anahangaika kutafuta kuni ambazo hazikuwepo Kamina nzima, jirani yetu aliingia uani. Alikuwa amebeba mbabula. Haikuwa mpya. Ilikuwa imetoboka, imeshonwa kwa waya, imeliwa na moto kuliko yetu. Aliiweka katikati ya ua, mchana kweupe. Nyuma yake akaja mama wa nyumba ya mbele na yake, na yule aliyekaa karibu na dirisha siku ile, na yake, na wengine, hadi ua ukajaa mbabula nyeusi zilizozeeka kwa kutumika. Wanaume wao walifuata na magunia ya makala. Hakuna aliyeweka sombe juu.

Mama alizitazama moja baada ya nyingine. Hatimaye akamgeukia jirani.

"Weye uko na jiko ya mafuta."

"Haiko," jirani akasema. "Haikukuwako."

Alipiga magoti mbele ya mama. Mikono yake ilikuwa na weusi kwenye mistari ya viganja, ule usiotoka kwa sabuni, na safari hii hakuificha. Alikuwa akilia, lakini alisema polepole ili kila neno lisikike.

"Mama, siku ile tulisikia harufu. Sisi bote. Tulijua ni makala, tulijua umefunga. Tulisema tusikupatishe haya mbele ya bantu. Njo maana tuliimba."

Uani watu waliacha walichokuwa wakifanya. Mama hakumfukuza, wala hakumshika. Aliitazama mikono ile, kisha akasogea kidogo kwenye mkeka ili jirani apate pa kukaa. Nje pale wanawake waliwasha moto.