Kikombe cha Dang'a

Nafundisha baiolojia hapa Geita, na somo la kinga ya mwili naweza kulifundisha nimefumba macho. Kingamwili hukamata kijidudu, nawaambia wanafunzi. Protini nyingine humtoboa. Nyingine huita seli nyeupe za damu zije kusaidia. Kisha nafika kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku za kwanza, ambayo humpa mtoto kingamwili za mama yake kabla hajatengeneza zake za kutosha. Hapo nageukia ubao.

Mke wangu alijifungua binti yetu wa kwanza kwetu Didia. Muuguzi wa zahanati alimwambia anyonyeshe palepale. Tulipofika nyumbani, mama yangu akaleta kikombe.

"Hayo ya njano ni uchafu, yamekaa miezi tisa. Kamua umwage. Mtoto apewe maji ya sukari."

Mke wangu alinitazama mimi, mwalimu. Nilijua kila kitu, hata majina ya zile protini, na nikasema, "Msikilize mama." Niliogopa kuambiwa nimekaliwa na mke. Sababu ni hiyo tu, na naona haya kuiandika.

Siku mbili yalimwagwa nyuma ya jiko. Siku ya nne mtoto akawaka homa, akaharisha, macho yakadidimia. Tulilazwa Shinyanga mjini wiki nzima. Daktari aliuliza mtoto alipewa nini. Mke wangu akanigeukia nijibu mimi, nami nikasema, "Maziwa tu." Binti alipona, namshukuru Mungu, lakini mimi sikumsaidia kwa lolote.

Siku tuliyorudi Didia, ng'ombe wa baba alikuwa amezaa asubuhi. Mama akaja na kibuyu akamue dang'a apike, maana kwetu ni chakula kitamu. Nikamzuia kwa mkono, bila hata kufikiri.

"Hapana, mayu! Ndama kwanza. Asiponyonya leo, atakufa."

Mama akarudi nyuma, wala hakubisha. "Haya, wewe ndiye uliyesoma."

Nikamwinua ndama, nikampeleka kwenye chuchu, akashika. Nilipogeuka, mke wangu alikuwa amesimama kando ya zizi, mtoto kifuani.

"Kumbe sauti unayo," akasema, akaingia ndani.