Siku Majirani Walipopanda Juu ya Paa

Kaka yangu alirudi kutoka kulinda amani nchi ya jirani akiwa mzima, kwa maana ya viungo. Mama alimpapasa kuanzia kichwani hadi vidoleni kama mtu anayenunua mbuzi mnadani, akapiga vigelegele, na majirani wakamwitikia kutoka kila upande wa kijiji. Nami nilikuwa nimekuja kutoka kwangu Ipagala, Dodoma mjini, na kitenge kipya, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Siku ile hakuna aliyeuliza kama na ndani alikuwa mzima. Huwezi kuuliza hivyo mbele ya watu waliochinja.

Majibu yalikuja yenyewe, polepole. Usiku halali, anakaa ameegemea ukuta akiutazama mlango. Anaanza sentensi, anaiacha katikati. Ugali wa uwele na mlenda, chakula alichokuwa akigombania utotoni mpaka tunapigana vijiko, alikuwa anauzungusha kwenye sahani mpaka unapoa. Jeshi lilikuwa limempa mapumziko, na hospitali ikampangia siku ya kurudi kuonana na daktari. Mama alisema daktari wa nini, mtu akila atapona. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kazi yangu ni kufoka, na nilimfokea mama kwa hilo zaidi ya mara moja, lakini moyoni nilitamani awe amesema kweli.

Kijiji chetu kiko mbele ya Mkonze, ukiacha lami unaendelea na pikipiki mpaka vumbi likupake nyusi. Nyumba ya mama ni tembe, ya mwisho au karibu ya mwisho iliyobaki pale kijijini: kuta za udongo na miti, na juu paa bapa la magogo, fito na nyasi, halafu udongo mzito juu yake. Nilishamwambia habari za bati mpaka nikachoka. Alinijibu kwamba bati ni la watu wanaotaka kuokwa wakiwa hai. Kwa joto la Dodoma, hoja ilikuwa yake.

Tatizo la tembe ni kwamba kila mwaka, kabla ya mvua, paa lazima lishindiliwe upya. Hiyo si kazi ya mtu mmoja. Majirani wanapanda juu na udongo wa kichuguu uliolowanishwa, wanaukanyaga kwa miguu kwa mpigo mmoja huku wengine wakiupiga kwa magongo, na mwenye nyumba anawapikia na kuwapa pombe ya mtama. Mwaka ule hawakusubiri kuombwa. Walisema mtoto wao amerudi kutoka vitani, haiwezekani alale kwenye nyumba inayovuja. Walikuja Jumamosi asubuhi na ndoo zao, wanaume kwa wanawake, na mama alitaka kulia kwa furaha.

Kaka alikuwa ndani, usingizi umempitia alfajiri kama kawaida yake. Mama akasema tumwache alale. Hakuna kati yetu aliyeona ubaya. Tumekulia chini ya paa lile, kila mwaka tumesikia miguu ile juu ya vichwa vyetu, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kupanda alipokuwa kijana. Kwa masikio yetu ule ulikuwa mlio wa nyumbani.

Walianza kwa pamoja. Nilikuwa mafigani nakoroga chungu, nikahisi ardhi inatikisika chini ya nyayo. Kisha nikamsikia kaka yangu. Sitaieleza sauti ile. Alitoka mlangoni akitambaa kwa viwiko, amevaa fulana na bukta tu, mwili mzima umejaa vumbi la darini, akasimama, akakimbia kupita katikati yetu bila kumwona yeyote, akaingia vichakani. Mama alimwita kwa jina lake la utotoni. Hakugeuka.

Nikawageukia majirani. Niliwaambia maneno ambayo mtu mzima hapaswi kuwaambia watu waliomlea. Nikawaita wauaji. Mzee mmoja, jirani wa ukuta kwa ukuta ambaye ndiye aliyewakusanya wenzake, alinisikiliza mpaka nikamaliza, mikono yake ikichuruzika tope. Kisha akauliza, "Ameelekea upande gani?"

Walimtafuta namna wanavyojua kutafuta, kama wanavyotafuta ng'ombe aliyepotea. Walitawanyika wakipiga madebe, wakipuliza filimbi, wakiita kwa sauti. Jua lilikuwa la mwisho wa kiangazi, lile ambalo hata mbuzi wanalikimbia. Hakuwa na viatu wala tone la maji. Nilitembea na chupa ya maji mkononi siku nzima, na sikuthubutu kuyanywa, kana kwamba nikinywa mimi nitakuwa nimemnyang'anya yeye. Jioni tukarudi mikono mitupu. Mama alikaa chini kwenye udongo uliobaki wa paa, akasema, "Nimempokea ili nimzike."

Ni yeye aliyekumbuka simu ya kaka. Humo tulimpata rafiki yake waliyekuwa naye kule, askari aliyekuwa kambini mjini. Nilimweleza huku nikilia. Alinikatiza.

"Dada, wanamtafuta kwa kelele?"

"Wanaita. Wanapiga madebe."

"Wanyamaze. Waambie wote warudi nyumbani, sasa hivi. Kila wanapopiga, yeye anazidi kwenda mbali."

Asubuhi walifika watatu kwa pikipiki. Hawakutumwa na mtu. Walikuwa wameomba ruhusa. Nilikuwa nimewaandalia hasira yangu pia, maana ni jeshi lililomchukua kaka yangu mzima na kunirudishia mwingine. Lakini yule rafiki alipiga goti mbele ya mama, akasema, "Shikamoo mama. Mimi ni mwanao mwingine," na mama akamwekea mkono kichwani. Hasira ikakosa pa kukaa.

Walifuata nyayo mpaka kwenye korongo, ule mto wetu wa mchanga usio na maji ila siku chache za masika. Pale ukingoni wakavua buti. Nikauliza kwa nini. Rafiki akasema kaka akisikia buti atakimbia tena, na safari hii hatafika popote. Wakashuka peku kwenye mchanga ambao kwa saa ile ungeweza kukaanga yai. Niliwaona wakiuma midomo. Hakuna aliyerudi kuvaa.

Alikuwa chini ya ukingo, ndani ya shimo alilochimba kwa mikono. Kwetu mtu akitaka maji kiangazi huchimba mchanga wa korongo, hivyo nilifikiri alikuwa anatafuta maji. Lakini shimo lilikuwa na urefu wa mtu, na alikuwa amelala ndani yake, midomo imepasuka, macho wazi. Nilitaka kukimbia. Askari mmoja akanishika mkono. "Subiri, dada. Ukimkimbilia, tumempoteza."

Basi nikasimama na chupa yangu ya maji nikimtazama kaka yangu akikauka. Rafiki yake alienda akakaa pembeni ya shimo, akampa ubavu, hakumtazama. Akaanza kuchimba na yeye, taratibu, mpaka mchanga ukawa mweusi, mpaka maji machache ya tope yakajikusanya. Akateka kwa kiganja, akanywa yeye kwanza. Akateka tena, akanyoosha mkono pale shimoni bila kugeuka. Mkono ule ulikaa hewani muda mrefu, maji yakivuja kati ya vidole. Alipoteka mara nyingine, na nyingine, hatimaye kaka aliinua kichwa akanywa kwenye kiganja cha mwenzake. Nikakaa chini nikalia kwa sauti, na mara hiyo hakuna aliyenikataza.

Njiani kurudi, rafiki aliniambia kwa kifupi. Kule walikuwa wanakaa kwenye handaki lenye paa la magogo na udongo juu. Siku moja wakashambuliwa, udongo ukawashukia. "Paa la mama," akasema, "ukilitazama kutoka ndani, ni lile lile."

Kaka alirudi lakini hakuingia ndani. Alilala uani, kwenye zizi la mbuzi, na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa Kondoa. Majirani hawakuja kwa siku kadhaa, kwa aibu. Walipokuja, yule mzee alitangulia akiwa amejitwisha bati, na nyuma yake wengine na mabati yao, mengine yameng'olewa kwenye mabanda yao ya kuku. Walitaka kuubomoa udongo ule wote. Hapo nilijua niliwaonea, nikataka ardhi inimeze.

Lakini rafiki, aliyekuwa akija kila akipata nafasi, alitikisa kichwa. "Wazee wangu, mmewahi kukaa chini ya bati mvua ya mawe ikinyesha? Huyu hataweza. Udongo ndio paa lenye utulivu kuliko yote. Ila lishindiliwe bila kishindo."

"Udongo haushindiliki bila kishindo," mzee akasema.

"Kwa viganja," akasema mama mmoja. "Kama tunavyopaka sakafu."

Nilitaka kaka apelekwe mjini kwangu mpaka kazi iishe. Ni yeye aliyekataa, kutoka kule zizini, na hiyo ilikuwa sentensi ya kwanza niliyomsikia akiimaliza tangu arudi. "Nikitolewa kwa ajili ya paa, sitaingia chini yake tena mpaka nife." Mama akamwangalia rafiki, rafiki akaniangalia mimi. Wote tulijua kwamba akikimbia tena, hatutampata. Siku ya daktari ilikuwa bado mbali, mvua ilikuwa karibu, na yeye alikuwa amekonda kiasi kwamba bukta aliifunga kwa kamba.

Walipanda asubuhi, peku, mmoja mmoja. Sijawahi kuona kazi kama ile. Watu wazima, wengine wana wajukuu, wamepiga magoti juani wakiukandamiza udongo kwa viganja, hakuna wimbo, hakuna utani, hakuna aliyekohoa. Ndani tulikaa watatu: kaka katikati, rafiki kulia, mimi kushoto nimemshika kiwiko. Mama alikaa kizingitini, maana alisema kaka akikimbia ampite yeye kwanza. Juu ulisikika mkwaruzo tu. Vumbi jembamba lilishuka kupitia kwenye fito likatua magotini mwetu.

Kaka aliinua uso akayakodolea macho magogo ya paa. Nilimwambia ni majirani tu. Hakunisikia.

"Wamenyamaza," akasema. "Mbona wamenyamaza?"

"Wanafanya kazi, kaka. Wamenyamaza kwa ajili yako."

"Wamekufa?"

Aliinuka nusu. Nikamng'ang'ania kwa nguvu zangu zote, na nikajua nguvu zangu si kitu. Mlangoni mama alishika fremu kwa mikono yote miwili. Sisi tuliogopa kelele, tukampa kimya, na kimya ndicho kilichokuwa kinamuua.

"Dada, waite," rafiki akasema haraka. "Kule tukishashambuliwa, kitu cha kwanza ni kuitana. Asiyeitika ndiye unayemchimba. Waite waitike!"

Nikaelekeza uso juu, nikapiga kelele, "Mzee! Itika! Semeni mpo!"

Mkwaruzo wa viganja ukasita. Halafu sauti ya yule mzee ikapita kwenye udongo, nzito, karibu sana. "Nipo, mwanangu."

"Nipo, baba," akasema yule mama aliyetoa wazo la viganja.

"Nipo, kaka." "Nipo." "Mimi pia nipo, na goti limekufa ganzi." Waliitika mmoja baada ya mwingine, kutoka kona hadi kona ya paa. Kaka alikuwa anafuata kila sauti kwa macho, kana kwamba anawaona kupitia magogo. Mwili ukaanza kumlegea. Alirudi chini akakaa. Nikafikiri tumepona.

Wa mwisho alipoitika, yeye aliendelea kusubiri, uso bado uko juu.

"Na Fundi?" akauliza.

Nilimtazama rafiki. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Fundi hayupo, ndugu yangu," akasema. "Tulikuwa watatu mle handakini. Tulitoka wawili. Tulimchimba mimi na wewe."

"Tulimpata."

"Tulimpata. Tulichelewa, lakini tulimpata. Kisha tukamzika."

Ndipo kaka yangu alipolia. Hakulia kama askari, wala kama mtu anayeficha. Alilia kilio kile kinachotoka tumboni, na juu ya paa viganja vikasimama, kwa sababu kwetu kilio cha msiba hakihitaji kutafsiriwa.

Walishuka. Udongo ulibaki umepakwa nusu, mawingu yakiwa yale yale, na hakuna aliyeujali. Waliingia mmoja mmoja wakiinama mlangoni, mikono imeganda tope, wakakaa chini sakafuni kumzunguka, wanaume upande huu, wanawake upande ule, kama wanavyokaa kwenye nyumba yoyote iliyofiwa. Mama mmoja alitoa kitenge chake cha kiunoni akamfunika kaka mabegani. Walisubiri mpaka alipoweza kupumua.

"Pole, mwanangu," mzee akasema. "Marehemu alikuwa mtu wa wapi?"

Kaka alijifuta uso. "Wa Busi," akasema. "Kondoa huko. Ana mama yake."

"Kumbe ni mtu wa karibu," mzee akasema, akajisogeza kumpisha mwingine akae. "Tueleze habari zake."